Juu ya Asili ya Wahangaza, Washubi na Wasubi

Ukimwuliza mzee wa Ngara au wa Biharamulo watu wake walitoka wapi, mara nyingi atakupa kwanza habari za mfalme. Atakuambia ya kwamba alikuwako mtu aliyekuja kutoka mbali pamoja na ng'ombe wake na mkuki wake, akawakuta watu wasio na mfalme, akawatawala. Habari hiyo ni njema kuisikiliza, wala haifai kuidharau. Walakini ni habari ya nyumba moja tu, nayo ni nyumba ya mfalme. Watu aliowakuta je? Hao nao walikuwa wakilima nini, wakisema lugha gani, na jembe lao wakilipata kwa nani? Katika kurasa hizi twataka kuonyesha ya kwamba hakuna taifa hata moja katika nchi hizi mbili lililofika likiwa zima, pamoja na jina lake, lugha yake na mfalme wake, mfano wa mzigo uliofungwa kwingine ukafunguliwa hapa. Lugha ina asili yake, ukoo una asili yake, ufalme nao una yake, hata jina. Vyote vilikutana juu ya vilima hivi, na watu wakafanyika hapa hapa.

Wala jambo hili si la kuwapendeza wasomi tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilifanya operesheni iliyoitwa Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ili kuwaondoa wahamiaji wasio na ruhusa. Siku zile watu wengi wa mpakani iliwapasa kueleza babu zao walizaliwa wapi. Mhangaza akisema kwao, Mrundi humwelewa bila mkalimani. Naye mtu atokaye mbali akimsikia, ni rahisi amdhanie kuwa mgeni aliyevuka jana. Basi yafaa tujue ni kipi kilichotangulia, lugha ile au mpaka ule.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Wilaya ya Ngara ni milima na mabonde, nchi ya juu ipatayo mita 1,200 hata 1,800 kutoka usawa wa bahari, yenye migomba, kahawa na maharage, na mafunjo katika mabonde ya maji. Mto Ruvubu watoka Burundi, wapita katika wilaya hiyo, na kukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Magharibi ya Ruvubu ni Bugufi, nchi ya Wahangaza. Mashariki yake ni Bushubi, nchi ya Washubi. Ukiendelea kwenda mashariki vilima hulala, miombo huzidi, mashamba hutawanyika, nawe umeingia Biharamulo. Huko ndiko kulikokuwa na ufalme wa Rusubi, nchi ya Wasubi, ambao ni ndugu wa Wazinza wakaao ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Hesabu ya mwaka 2012 iliwapata watu zaidi ya 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi. Na katika Biharamulo wamo pia Wasukuma, Wasumbwa na Waha wengi, waliokuja kutafuta mashamba na malisho.

Msomaji ameona: Bushubi na Rusubi, Mshubi na Msubi. Hapo ndipo wageni wengi walipopotea, maana sikio lisilozoea haliwezi kuyatenga majina hayo. Wafanya biashara wa pwani, waliopita njia ya Tabora kwenda Karagwe katika karne ya kumi na tisa, walisema Usui. Mwingereza John Hanning Speke, aliyepita huko mwishoni mwa mwaka 1861, akaliandika jina kama alivyolisikia vinywani mwa watu wa msafara wake. Tangu hapo mtu asomaye vitabu vya zamani humpasa kuuliza kila mara: Usui ipi? Usui ya Speke, ambayo mfalme wake Suwarora alimchelewesha na kumdai hongo, ni Rusubi, upande wa Biharamulo. Bushubi ni nchi nyingine, ina ufalme mwingine, na kama tutakavyoona, ina lugha nyingine. Na Wahangaza nao jina lao si jina la nchi yao, kwa maana nchi ni Bugufi. Na neno -gufi kwao na kwa Warundi ni lile lile letu la -fupi.

Sasa tuje kwenye lugha, kwa kuwa lugha ni shahidi asiyejua kusema uongo kwa ajili ya mfalme. Upande wa Ngara mtu huitwa umuntu, kama katika Kirundi. Upande wa Biharamulo huitwa omuntu, kama katika Kihaya na Kinyambo. Ng'ombe kwa hao wa kwanza ni inka, kwa hao wa pili ni ente. Mtawala kwa hao wa kwanza ni umwami, kwa hao wa pili ni omukama. Jembe kwa Kirundi ni isuka, kwa Kihaya ni enfuka. Hapo twaona ya kuwa neno ni moja, ila sauti zimeachana njia. Lakini ulezi kwa Kirundi ni uburo na kwa Kihaya oburo, maana nafaka hiyo ni ya kale sana kwa wote.

Iko alama nyingine iliyo kubwa kuliko maneno. Ndizi, ambazo Mhaya aziita ekitoke, Mrundi husema igitoke. Kwa nini k imekuwa g? Kwa sababu silabi ifuatayo yaanza kwa t. Vivyo hivyo kukata, kwa Mhaya okutema, kwa Mrundi ni gutema. Bali kulima ni kurima, wala si gurima, kwa kuwa r haina nguvu ya kuigeuza sauti iliyoitangulia. Kanuni hii huitwa kwa jina la Dahl, mmisionari wa Moravian aliyeiona kwanza katika Kinyamwezi, naye Meinhof akaieneza kwa wataalamu mwaka 1903. Kirundi, Kinyarwanda, Kiha, Kihangaza na Kishubi huishika. Kihaya, Kinyambo, Kizinza na Kisubi hawaijui. Haiwezekani watu wa makundi hayo mawili kuwa waliachana juzi. Sauti hazigeuki zote kwa utaratibu namna ile katika vizazi viwili au vitatu.

Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu mwaka 1948, aliweka Kihangaza katika kundi lake la D.60 pamoja na Kirundi na Kinyarwanda, na Kizinza katika E.20 pamoja na Kihaya. Baada yake David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya nchi za Maziwa Makuu, ameyaeleza makundi hayo kuwa ni matawi mawili ya shina moja: tawi la nyanda za juu za magharibi, na tawi aliloliita Rutara. Matawi hayo yaliachana zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi tazama jambo la ajabu: mpaka mkubwa wa lugha katika pande hizi haupo penye daraja la Rusumo, wala Kabanga penye njia ya Burundi. Umo ndani ya Tanzania, kati ya Rulenge na mji wa Biharamulo. Mhangaza asemapo lugha ya jamaa wa Kirundi hajaileta kutoka nchi ya kigeni. Ameikuta kwa mama yake, na mama yake kwa mamaye, katika kilima kile kile, tangu siku ambazo hapakuwa na mtu aliyelijua jina la Tanganyika.

Wenye lugha hizo walikuwa wakifanya nini zamani hizo? Ardhi yatueleza kidogo. Katika nchi zote zilizozunguka Ziwa Viktoria upande wa magharibi, na katika Rwanda na Burundi, huonekana vigae vya vyungu vyenye mistari mizuri, na mara nyingi kibonyeo kidogo chini kama alama ya kidole. Wataalamu huviita vya Urewe, kwa jina la mahali pa Kenya ambapo habari zake zilichapwa mwaka 1948. Pamoja na vigae hivyo huonekana mavi ya chuma, yaani masalio ya tanuri. Mahali palipochunguzwa vizuri zaidi ni Katuruka, karibu na Bukoba. Huko Peter Schmidt alichimba kuanzia mwaka 1970, akaona ya kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Habari ya Katuruka yafaa kuangaliwa, ingawa ni nje kidogo ya wilaya zetu, kwa kuwa yaonyesha jinsi hadithi za wafalme zinavyofanya kazi. Wazee wa huko walisema ya kwamba mahali pale palikuwa boma la mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya kumi na saba, naye alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, akawakusanya wafua chuma wake hapo. Walipochimba wakakuta chuma kweli, lakini cha watu walioishi miaka elfu mbili mbele ya Rugomora. Wazee hawakusema uongo: mahali palikuwa pa chuma. Ila mfalme alipokuja alijenga boma lake juu ya mahali palipoheshimiwa na wa kale, na hatimaye kazi yao ikahesabiwa kuwa yake. Na twasadiki ya kuwa mambo mengi yasimuliwayo katika Rusubi na Bushubi ni ya namna hii hii: la kale huvikwa jina la mfalme, ndipo hukumbukwa.

Habari za chuma hutuleta kwa Warongo, na hapo tutakaa kidogo, kwa sababu hakuna mfano ulio bora wa kuonyesha jinsi taifa linavyofanyika. Warongo ni wayeyusha chuma wa nchi ya Buzinza, kutoka misitu ya Biharamulo hata upande wa Geita. Ukiuliza ni kabila gani, utajibiwa kwamba ni Warongo. Lakini ukiwauliza mmoja mmoja juu ya babu zao, utasikia huyu babu yake alikuwa Mzinza, yule Msumbwa, na mwingine ametoka mbali zaidi. Waliounganishwa na kazi wakapewa jina la kazi. Mgeni aliyekubali kujifunza na kushika miiko akaingizwa, akawa Mrongo, na watoto wake wakazaliwa Warongo.

Kazi yenyewe ilifanyika wakati wa kiangazi, porini, mbali na nyumba. Waliyachimba mawe ya chuma, wakakata miti ya makaa (si kila mti wafaa), wakajenga tanuri la udongo na kuzipanga mivukuto kulizunguka. Chini ya tanuri walifukia dawa za mizizi na majani, kwa maana tanuri kwao lilikuwa kama mwanamke apaswaye kuzaa, na chuma ndiye mtoto. Kwa ajili hiyo wafanya kazi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Aliyevunja mwiko alisemwa kuwa ameliharibu tanuri, na yaliyotoka ni mavi matupu. Mtu aweza kucheka. Lakini fikiri: kazi iliyotaka hewa, makaa na udongo kwa kiasi barabara, kwa siku nyingi, bila kitabu wala kipimo, ilihitaji watu waliokusanyika mahali pamoja wasitawanyike usiku. Mwiko uliwafunga kwa kamba iliyo imara kuliko amri.

Majembe ya Buzinza yalikwenda mbali. Yalichukuliwa hata Unyamwezi na soko la Tabora. Yalitolewa kuwa mahari. Yalitolewa kuwa kodi kwa omukama. Majembe ya Ulaya yalipozidi kuingia, bei ya majembe yale ilianguka, na matanuri yakapoa moja baada ya moja. Baadaye wazee waliombwa na wataalamu wajenge tanuri tena ili kazi iandikwe, wakakumbuka. Kwa bahati njema waliombwa kabla hawajafa wote.

Sasa twaweza kurudi kwa wafalme, tukiwa tumekwisha kuona ya kwamba walipofika walikuta nchi yenye majembe. Katika Karagwe husimuliwa Ruhinda, aliyemwondoa Nono wa ukoo wa Wasita, akatawala yeye. Na kutoka kwake zikatokea nyumba za Wahinda waliotawala Nkore, Ihangiro na Buzinza. Ndege na wanyama wana nafasi yao katika koo hizi, na mnyama wa Wahinda ni tumbili, waliyemwita nkende, ambaye kumla ni mwiko. Ufalme wa Buzinza uligawanyika kabla ya Speke kupita: aliwataja watawala wawili, Suwarora upande wa magharibi, ndio Rusubi, na Ruhinda mwingine upande wa mashariki. Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, kwa mikono ya machifu wake. Juu ya mwami wa kwanza wa Burundi, Ntare Rushatsi, masimulizi hayapatani: mengine humtoa upande wa kusini-mashariki, penye mlima Nkoma karibu na Buha, na mengine upande wa kaskazini, mto wa Kanyaru. Bushubi ilikuwa na mwami wake yenyewe, kati ya majirani wakubwa, ikiwaogopa wote.

Wafalme hao walifuga ng'ombe na kujisifia ng'ombe. Lakini tazama vitu walivyovitumia kuonyesha ufalme wao. Katika Karagwe hazina ya mfalme ilikuwa na nyundo za chuma na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma; Stanley aliziona hazina hizo mwaka 1876. Burundi sikukuu kuu ya mwami, umuganuro, ilikuwa ya kupanda mtama, wala si ya maziwa. Na neno ingoma, au engoma kwa Wahaya, maana yake ni ngoma na tena ni ufalme. Kwa maneno mengine, mfalme mfugaji hakuweza kutawala pasipo vitu vya mfua chuma na mkulima. Alivaa mavazi ya wenyeji.

Hapa yatupasa kusema habari ya kosa kubwa, nalo lilizaliwa katika njia hii hii tunayoisimulia. Speke alipopita Uzinza, Rusubi na Karagwe, aliwaona Wahima warefu wenye ng'ombe, akawaza ya kwamba watu wa namna hiyo hawakuweza kuwa jamaa ya wakulima waliowazunguka. Akaandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 ya kuwa watawala wa Uzinza ni wa damu ya kigeni, uzao wa Uhabeshi. Hakuuliza lugha yao. Lau angaliuliza, angaliona kwamba Mhima na mkulima jirani yake husema lugha ile ile, kwa sauti zile zile, kwa kanuni zile zile. Wazo lake liliigwa na wengi, nayo majarida ya wamisionari, twakiri, hayakuwa ya nyuma katika kulirudia. Likafundishwa shuleni. Serikali za kikoloni zikalifanya kuwa msingi wa kuchagua machifu, na Wabelgiji wakaliandika katika vitambulisho vya watu wa Rwanda: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa.

Tukichunguza maneno yenyewe, Mhima na Mwiru upande wa Rusubi, Mtutsi na Mhutu upande wa Bugufi, twaona ni maneno ya kazi na cheo kuliko ya asili. Katika Burundi na Bugufi palikuwa na desturi ya ubugabire: mtu mnyonge alipewa ng'ombe na mkubwa, akamtumikia, ng'ombe wakizaa na kuzidi, hali yake ikageuka, na wajukuu wake waliweza kuhesabiwa upande mwingine. Na maneno ya ufugaji katika lugha hizi, kama alivyoonyesha Schoenbrun, mengi yaliazimwa kwa majirani wa kale, watu wa lugha za Sudani na za Kikushi, vizazi vingi kabla ya masimulizi ya Ruhinda. Ufugaji haukuja siku moja na mfalme mmoja. Ulijifunzwa polepole, huku na huku, kama kilimo cha migomba, ambayo nayo asili yake ni Asia, wala hapana mtu asemaye kwamba wenye migomba ni Waasia.

Kinachodumu kuliko majina hayo ni ukoo na mwiko wake. Jina la Wasinga husikika Rwanda, Nkore na Buhaya, chini ya wafalme mbalimbali na katika lugha mbalimbali. Katika Rwanda Wasinga, pamoja na Wazigaba na Wagesera, huitwa abasangwabutaka, yaani waliokutwa juu ya nchi. Na mgeni alipotaka kujenga, iliwapasa watu wa koo hizo wampe baraka. Mfalme aliweza kuitwaa nchi kwa mkuki, lakini ruhusa ya kukaa juu yake ilitoka kwa wa kwanza. Koo hizo ni za zamani kuliko Mshubi na Msubi, tena ni pana kuliko wao.

Karne ya kumi na tisa iliwachanganya watu hawa zaidi. Wangoni, walioitwa Watuta, walipanda kutoka kusini wakaishambulia Buzinza, na wengi walikimbia vijiji vyao. Ikafuata sotoka ya mwaka 1890 na miaka iliyoifuata, iliyoua ng'ombe karibu wote. Ng'ombe wakitoweka na watu wakipungua, hapana mla majani wala mchoma majani. Vichaka hukua, na mbung'o huingia pamoja na malale. John Ford, aliyezichunguza nchi hizi miaka mingi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba pori kubwa la Biharamulo na Karagwe halikuwa la tangu mwanzo, bali sehemu kubwa ilikuwa makao ya watu. Serikali ya Waingereza ikawakusanya watu wa Biharamulo waliobaki katika vijiji vikubwa ili kuwaepusha na mbung'o. Kwa hiyo watu wa vilima mbalimbali na koo mbalimbali wakajikuta majirani. Mahali walipotoka pakawa pori la akiba, na tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Watalii watazamao tembo pale huambiwa ni nyika isiyoguswa. Pengine wasimame juu ya kaburi la mtu.

Mpaka wenyewe ni mdogo kwa umri. Baada ya vita kuu ya kwanza, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana tarehe 30 Mei 1919 jinsi ya kuigawanya nchi ya Wadachi. Gisaka, iliyo mashariki ya Rwanda, ilitiwa upande wa Waingereza. Mfalme wa Rwanda na wamisionari wakalalamika, nayo ikarudishwa baada ya miaka michache. Bugufi nayo ilikatwa kutoka Burundi, lakini hiyo haikurudishwa. Mapatano ya mwaka 1934 yakauthibitisha mpaka. Basi Mhangaza aliyezaliwa mwaka 1910 alizaliwa katika nchi ya mwami wa Burundi chini ya Wadachi, akawa mtu wa Tanganyika pasipo kuhama hata hatua moja, na kama alijaliwa umri mrefu akawa raia wa Tanzania. Mpaka ndio uliomvuka yeye.

Wako pia waliovuka kweli, wala haifai kuwaficha. Mwishoni mwa Aprili 1994 yapata watu 250,000 kutoka Rwanda walipita daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco katika Ngara, na wengi wakarudishwa Desemba 1996. Kati ya hao walikuwamo waliokimbia mauaji, na waliokuwamo katika kuyafanya. Wenyeji wa Ngara waliwasikia wakisema lugha iliyo karibu na yao, wakaelewana nao tangu saa ya kwanza, na walijua vema, bila kufundishwa na mtu, kwamba hao ni wageni na wao ni wenyeji. Afisa aliyetumwa kutoka mbali hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa sikio lake.

Kwa hiyo mwalimu au katekista atakaye kuandika habari za kale katika wilaya hizi asianze kwa kuuliza, Kabila lako ni lipi? Jibu litakuwa neno moja, nalo litakuwa neno la karatasi za serikali. Aulize: Mwiko wa ukoo wenu ni mnyama gani? Ni nani mwenye haki ya kupanda mbegu kwanza kilimani hapa? Nani amezikwa chini ya mti ule, na jembe la mahari ya bibi yako lilifuliwa wapi? Majibu na yaandikwe kwanza kwa lugha ya msemaji mwenyewe, pamoja na jina la kilima chake, kabla ya kutiwa katika Kiswahili. Maana Kiswahili kikisha kusema ndizi, tofauti ya igitoke na ekitoke imekwisha kupotea.